Kuanguka kwa Meneja wa Maji

Ato Mulualem Engida, na Ato kwetu ni Bwana, alianguka mara ya kwanza siku ya kumi na saba ya umeneja wake, mbele yetu sote, juu ya ungo wa bisi.

Tulikuwa tumemwandalia kahawa ya kumpongeza, kwa maana siku kumi na sita zilizotangulia alizitumia kutukumbusha kwamba hatujampongeza. Akasimama kuhutubia. Akasema kwamba chini ya uongozi wake mji wa Tid Amba utapata maji siku saba kwa wiki, siyo mbili. Hapo mlango ukalia, akaingia Sileshi, fundi wetu mkuu wa mabomba, kachelewa kama kawaida yake. Ato Mulualem akageuza shingo kumtupia jicho la kimeneja. Jicho halikufika. Mboni zilipanda juu, magoti yakalegea, na bosi wetu akashuka polepole kama gunia la nafaka linaloshushwa na hamali mwenye huruma.

Haikufika dakika akafumbua macho. Bisi zilikuwa zimemnasa kwenye nywele.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza.

"Kwenye maji siku saba," nikamjibu.

Mimi naitwa Atsede. Nimekuwa karani wa ofisi ile ya maji kwa miaka kumi na tisa, nimewachapia barua mameneja sita, na wote sita wameahidi maji siku saba. Huyu alikuwa wa kwanza kuanguka papo hapo, na kwa hilo nilimheshimu kidogo.

Kabla ya kupata cheo, Ato Mulualem alikuwa mtu wa sweta la kijivu. Alikaa chumba cha mita, akala shiro yake, mchuzi wa unga wa dengu, kimya, akaenda nyumbani. Siku alipoteuliwa alifungua sanduku la harusi yake ya miaka ishirini na nane nyuma, akatoa suti na mashati matatu meupe. Alisema nguo za siku hizi hazina heshima. Suti fundi cherehani aliitanua. Mashati yalibaki yalivyo, ila mwenyewe hakuwa amebaki alivyo. Kila asubuhi alifunga kifungo cha juu kwa vita, akakaza tai juu yake, na uso ukaiva kwa wekundu. Sisi tukadhani ndiyo rangi ya madaraka.

Basi, siku ile ya bisi, kabla hata hajainuka sakafuni, tayari alikuwa na madaktari wanane.

"Upepo huo," alisema Balcha, mlinzi wetu, askari mstaafu aliyeona vita viwili na kuogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni dirisha lililo wazi. "Mlango wazi, dirisha wazi. Upepo umeingia huku, umetokea kule, yeye yuko katikati. Angeponea wapi?"

"Vidonda vya tumbo," alisema mhasibu. "Mimi ninavyo. Mke wangu anavyo. Mama mkwe wangu alizikwa navyo."

"Nani alikwambia mama mkwe wako alikufa kwa vidonda? Si aligongwa na lori?"

"Aligongwa akiwa anaumwa tumbo."

Sileshi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akasema, "Jamani, tuko siku ya ishirini ya mfungo. Mtu hajatia kitu tumboni tangu jana, kasimama nusu saa anahutubia. Ni njaa hiyo. Mpeni maji anywe."

Hilo lilikuwa na akili kidogo, kwa hiyo halikupata mtu wa kuliunga mkono. Isitoshe, maji yenyewe hayakuwepo. Ilikuwa Jumatano.

Kesho yake madirisha yote ya ofisi yalipigiliwa misumari. Tulikaa humo tukipumuana mpaka Pasaka.

Mara ya pili alianguka kwa kinyozi. Kinyozi alimwinamisha kichwa, akamkandamiza chini ya taya ili wembe upite vizuri, na mteja akalegea. Kinyozi alidhani amesinzia, akamalizia upande wa pili. Mara ya tatu ilikuwa mazishini. Mtu alimwita kwa nyuma, akageuka, akaenda chini. Wafiwa walisema hawajapata kuona mtu aliyempenda marehemu kiasi kile. Marehemu huyo Ato Mulualem alikuwa amemkatia maji mara mbili, lakini siku ya msiba nani anakumbuka mambo ya mabomba?

Mke wake, Woizero Abonesh, yaani Bibi Abonesh, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, hakuwa na imani na nadharia za ofisini. Alimpeleka kwenye zahanati ya binafsi kule sokoni. Sasa, katika mji wetu hakuna aliyewahi kuingia zahanati ile akatoka bila homa ya matumbo. Ukienda na jino, una homa ya matumbo. Ukienda kumwona mgonjwa, nawe unayo. Walimtoa damu, wakampa homa yake ya matumbo, wakamtundikia dripu mbili za sukari na kumwandikia vidonge vya rangi tatu. Kabla ya hapo walimpima shinikizo la damu akiwa ameketi, wakasema ni zuri mno, la kijana.

"Sasa kama ni zuri mbona anaanguka?" Abonesh akauliza.

"Ni mawazo, mama. Cheo kina mawazo."

Jibu hilo Ato Mulualem alilipenda kuliko vidonge. Wiki nzima alipita ofisini akishika paji la uso, akituambia jinsi maji ya wananchi elfu arobaini yanavyomlemea ubongoni. Kisha akaanguka kwenye ngazi za benki alipogeuka kuangalia gari lililompigia honi.

Kizunguzungu nacho kilianza kuja hata pale asipoanguka. Kila akitazama kando ghafla, dunia ilimtoka, akashika meza, akasubiri irudi. Niliona hofu machoni pake siku moja nilipompelekea mafaili. Alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

"Atsede," alisema kwa sauti ndogo, sauti ya enzi za sweta, "hivi mtu huwa anajua kama anakufa?"

Nilimwambia sijui, sijawahi. Halafu nikajuta, nikamletea chai.

Baada ya hapo ndugu wakakaa kikao, wakaamua apelekwe kwenye chemchemi ya maji ya baraka, huko mlimani, siku saba. Mimi siyatii dosari maji ya baraka. Mama yangu aliyanywa miaka tisini na hakuwahi kuumwa kichwa. Ato Mulualem alikwenda. Alivaa shuka jeupe la pamba kama mahujaji wengine wote, miguu mitupu, shingo wazi. Alfajiri akamwagiwa maji baridi ya kuzindua maiti, mchana akala mbaazi za kukaanga, jioni akasikiliza mafundisho ya kasisi. Siku saba hakuanguka hata mara moja. Hakupata hata kizunguzungu.

Alirudi uso umenyooka, amepungua kilo mbili, ana furaha ya kitoto. Na alirudi na hoja, ambayo ilikuwa hii: kama maji ya baraka yamezuia, basi kilichozuiwa si ugonjwa. Ni kitu kimetumwa. Na kama kimetumwa, kuna aliyekituma.

Jumatatu akavaa shati la harusi, akakaza tai, akaja kazini.

Sasa nimseme Mama Tiruye. Nje ya lango letu, upande wa kushoto, palikuwa na kibanda cha kahawa cha bati, na ndani yake mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye utani mkavu kuliko mchanga. Alituuzia kahawa tangu kabla sijaajiriwa. Alijua nani anakunywa na sukari, nani na chumvi, na nani anakunywa kwa ahadi. Kosa lake lilikuwa moja: alizaliwa na baba mfinyanzi. Kwetu watu wanapika kwenye vyungu vya mfinyanzi, wanachemshia kahawa kwenye birika lake la udongo, wanahifadhi pombe yao kwenye mtungi wake, halafu wanasema mfinyanzi ana jicho baya, akikutazama unakauka. Ni shukrani ya kiungwana sana.

Asubuhi ile Ato Mulualem alikuwa akiingia langoni, mimi niko hatua tatu nyuma yake. Mama Tiruye alikuwa amesimama na sinia la vikombe na birika linalotoka motoni. Akaita kwa furaha:

"Meneja! Umeamka salama? Karibu tena! Umenoga wewe, chemchemi imekupa mwili wa bwana harusi!"

Ato Mulualem akageuza shingo kumjibu. Akaenda chini, safari hii akaangukia sinia, na birika likammwagikia shingoni.

Ukelele alioutoa alipozinduka ulisikika mpaka mnarani kwa tangi. Balcha alimbeba. Mhasibu alisimama akimwangalia Mama Tiruye bila kupepesa, na baadaye kidogo wengine wakaanza kumwangalia vilevile. Kikombe kimoja kilikuwa bado kinazunguka chini.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyemwagikiwa kahawa ya asubuhi nzima."

Mchana ule kulikuwa na kikao cha dharura. Woizero Abonesh naye alihudhuria, ingawa si mtumishi, na ndiye aliyezungumza zaidi. Alikumbusha kwamba mumewe alikuwa mzima kwenye sweta, na kwamba ameanza kuugua alipopata cheo, na kwamba cheo kinaonwa na wenye macho. Mhasibu akaongeza kuwa siku ile ya bisi, aliyezikaanga ni Mama Tiruye.

"Na mazishini? Na kwa kinyozi? Alikuwepo?" aliuliza Sileshi.

"Jicho si lazima liwepo," alisema Abonesh. "Unadhani jicho linapanda basi?"

"Mama, yule jicho moja lina mtoto wa jicho. Haoni hata chenji."

"Ndiyo hayo hayo! Mbona jicho limeharibika?"

Sileshi akanyamaza. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu mwanzo. Nilikuwa na kalamu, naandika kumbukumbu za kikao, na mtu mwenye kalamu huwa ana kisingizio kizuri cha kutosema kitu.

Wakaamua. Niliambiwa nichape barua, lakini isitaje macho. Sisi ni ofisi ya serikali, tumesoma. Nikachapa: *Kwa sababu za usalama wa mita na miundombinu ya maji, kibanda kilichopo upande wa kushoto wa lango kiondolewe ndani ya saa arobaini na nane.* Niliipanga vizuri, pambizo sawa pande zote. Kisha nikatumwa nikamsomee, maana hakujua kusoma.

Alinisikiliza huku anasafisha vikombe.

"Mita gani hizo ninazozihatarisha?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Unajua."

Nikaikunja barua.

"Binti yangu, miaka kumi na tisa nimekutazama kila asubuhi. Mbona hujakauka?" Akanikazia lile jicho zima, akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani yake. "Umenenepa hata. Nenda, usije ukaanguka."

Siku ya pili jioni alipakia bati zake kwenye mkokoteni. Nilikuwa dirishani. Dirisha lilikuwa bado na misumari, hata kama ningetaka kumwita nisingeweza, na nilijiambia hivyo mara kadhaa.

Cha kuudhi ni kwamba Ato Mulualem alipona.

Wiki tatu nzima hakuanguka. Shingo ilikuwa imeungua, imepakwa dawa na kufungwa bandeji laini, hawezi kuvaa shati la kola, achilia mbali tai. Alikuja kazini na sweta lake la kijivu na skafu ya pamba. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akapanda ngazi, akanyolewa. Dunia ilitulia mahali pake. Na kila aliyemwona alisema: mmeona? Kibanda kimeondoka, na ugonjwa umeondoka. Hata Sileshi alianza kukuna kichwa. Watu sokoni walianza kuvuka barabara wakimwona Mama Tiruye. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa nguo. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Kidonda kikapona. Wageni kutoka ofisi ya mkoa wakatangaza kwamba wanakuja kuzindua bomba jipya la mtaa wa juu. Kwa siku kama hiyo sweta halifai. Ato Mulualem akafungua sanduku, akafunga kifungo kwa vita, akakaza tai mara mbili.

Alisimama mbele ya bomba, watu mia mbili, bendera, ngoma. "Leo hii," alisema, "kwa juhudi zangu…" Mgeni rasmi akakohoa kushoto kwake. Ato Mulualem akageuka kwa adabu, akaanguka kama mti, bega likagonga zege la bomba. Tulisikia mfupa ukivunjika. Bomba lenyewe lilipofunguliwa lilitoa hewa.

Safari hii hakukuwa na jicho la kusingizia. Mama Tiruye alikuwa upande wa pili wa mji. Mhasibu alijaribu kusema huenda jicho limeongezeka nguvu kwa hasira, lakini Abonesh, ambaye alikuwa amepiga magoti zegeni akikishika kichwa cha mumewe, alimgeukia akasema, "Nyamaza wewe, tafuta gari." Alikuwa analia. Alilia kwa sauti ndogo, na sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Walimpeleka hospitali kubwa ya mji mkuu, nami nikatumwa kubeba faili la bima. Huko, baada ya kufungwa bega, tulipelekwa kwa daktari wa moyo. Tulitarajia mzee mwenye mvi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Mahlet, amevaa raba, anatafuna karanga kabla hatujaketi.

"Nisimulieni," alisema. "Si mlichoambiwa ni nini. Mlichokiona."

Abonesh akaanza na cheo, akapitia wenye macho, akafika kwenye chemchemi. Daktari alimwacha amalize. Kisha akampima mgonjwa shinikizo la damu amelala, akamsimamisha, akapima tena, akangoja, akapima mara ya tatu. Akaangalia majibu ya damu: siyo upungufu wa damu. Sukari nzuri. Akamwuliza kama anaona vitu vinazunguka akijigeuza kitandani, kama masikio yanavuma, kama kifua kinabana akipanda kilima, kama katika ukoo wao kuna mtu aliyekufa ghafla, anakunywa dawa gani, anakula nini wakati wa mfungo. Alieleza huku akiandika kwamba kuzimia kuna milango mingi. Mwingine anaishiwa maji mwilini, mwingine dawa ya presha inamshusha mno, mwingine moyo unakwenda mwendo usio wake, mwingine ni sikio la ndani tu, na huwezi kuujua mlango kwa kukaa kikao.

"Nani alikuwepo akianguka?"

"Mimi," nikasema. "Mara nne."

"Alikuwa anafanya nini? Kabla tu. Nukta moja kabla."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nilifumba macho nikaona. "Alikuwa anageuka," nilisema. "Fundi alipoingia, aligeuka. Mazishini, aligeuka. Langoni aligeuka kumjibu mama wa kahawa. Kwa bomba aligeuka kumtazama mgeni. Ni kwa kinyozi tu ambako hakugeuka, ila kule alikandamizwa hapa." Nikashika chini ya taya yangu.

Daktari Mahlet akaacha kuandika. "Na siku ambazo hakuanguka, alikuwa amevaa nini?"

Nilifungua mdomo. Shuka la chemchemi. Sweta na bandeji. Nikamtajia yote mawili.

Alimlaza kitandani, akambandika waya za mashine ya moyo kifuani, akasikiliza shingo kwa chombo chake kwanza, muda mrefu, pande zote mbili. Kisha akaweka vidole viwili pembeni mwa shingo, chini ya taya, akasugua taratibu.

Mashine ilikuwa inalia ti, ti, ti. Ikanyamaza.

Moja. Mbili. Uso wa Ato Mulualem ulipauka kama unga. Tatu. Abonesh akaanza kuinuka. Nne. Daktari alikwisha kutoa vidole. Tano. Ti, ikasema mashine. Ti, ti.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza mgonjwa.

"Hapa hapa, baba," alisema daktari. "Shati lako la kola namba ngapi?"

Akaeleza. Kwenye mshipa mkubwa wa shingo kuna mahali panapopima nguvu ya damu. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume waliopita hamsini, mahali hapo panakuwa pepesi mno: ukipabana kidogo tu, panadanganyika kuwa damu imezidi, panauamuru moyo usimame. Kola ya kubana, tai juu yake, halafu ugeuze shingo ghafla. Au wembe wa kinyozi.

"Shati?" alisema Woizero Abonesh. "Tumekunywa mapipa mawili ya maji ya baraka. Tumefukuza mtu. Shati?"

"Wengine huhitaji kifaa cha kuusaidia moyo," daktari akasema, "na huenda hata yeye akakihitaji baadaye, nitamwona kila mwezi. Asiendeshe gari kwa sasa. Lakini tuanze na la rahisi. Nunueni shati la saizi yake."

Ato Mulualem alikuwa akiangalia dari. Nadhani angependelea kuambiwa ana uvimbe.

Tuliporudi Tid Amba, ofisini ilitangazwa kwamba madaktari wa mji mkuu wamegundua hitilafu adimu ya mshipa mkuu, inayowapata watu wenye majukumu mazito. Neno shati halikutajwa. Alivaa skafu na bega kwenye kitambaa, watu wakamwonea huruma. Siku tatu nilingoja. Siku ya nne niliingia ofisini kwake, nikafunga mlango.

"Na Mama Tiruye?"

"Barua ile ina namba ya faili, Atsede. Haiwezi kufutwa hivi hivi. Na haikusema habari za macho, ilisema mita."

"Niliichapa mimi. Najua ilichosema."

"Basi unataka nini?"

"Nataka nichape nyingine."

Kisha akapunga mkono mzima, maana yake nenda kachape, uniache. Nikachapa usiku kucha kichwani na dakika kumi kwenye mashine.

Kabla ya kumpelekea asaini, nilikwenda kumtafuta Mama Tiruye. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga ya mtaa wa mashariki, kibanda chake kimeegemea ukuta, unga umemfanya mweupe mpaka kope. Wanawake waliokuja kusaga walikuwa wanamnywea kahawa. Foleni ilikuwa ndefu, na kiu haijui ukoo wa mtu. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kola. Alicheka mpaka akashika mbavu, na safari hii kicheko kilikuwa na kitu ndani.

"Tunaomba urudi," nikasema. "Nina barua."

"Nirudi? Kesho akipiga chafya itakuwa ni mimi." Akanimiminia kikombe. "Sirudi. Ila barua yako naitaka. Isomwe langoni, mchana, watu wakiwepo. Na usiisome wewe, aisome meneja. Ile ya kwanza uliisoma wewe, ukaisoma vizuri sana."

Nikainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Kunywa, itapoa," alisema. Hakusema kama amesamehe.

Ato Mulualem alisaini bila kusoma, kama alivyosaini kila kitu tangu ateuliwe. Ijumaa saa sita watumishi wote walitoka langoni, na wapita njia wakasimama, maana watu wetu husimama popote palipo na karatasi. Mama Tiruye alikuwa mbele, amevaa shuka lake safi la kanisani. Woizero Abonesh alikuwa kando ya mumewe, amemshika kiwiko.

Akaanza kusoma kwa sauti ya uzinduzi. "Ofisi ya maji inamtaarifu Woizero Tiruye Ayele, na wakazi wote, kwamba kibanda chake kiliondolewa bila sababu ya haki. Kwamba hakuhusika kwa namna yoyote na maradhi ya meneja. Kwamba uchunguzi wa hospitali umebaini chanzo cha meneja kuanguka…"

Akasimama. Macho yake yalitangulia mstari mmoja. Akanitazama. Akatafuta pa kukimbilia, na pembeni yake akamwona mkewe.

"Soma, Mulualem," Abonesh alisema. Kwa mara ya pili maishani mwake, kwa sauti ndogo.

"…kuwa ni kola ya shati lake mwenyewe," akasoma, "lililokuwa dogo kwa namba tatu."

Kisha Balcha, kwa heshima zote za kijeshi, akauliza, "Na upepo je?"

Langoni pote palikuwa pameanza kucheka, kwanza wanawake wenye ndoo, kisha Sileshi, kisha hata mhasibu, aliyecheka kwa kuangalia chini. Ato Mulualem akaimaliza barua, sentensi zote za kuomba radhi, shingo yake ikiwa wazi. Alipofika mwisho aliikunja, akaenda hatua nne mpaka kwa Mama Tiruye, akampa kwa mikono miwili. Hilo sikuliandika mimi kwenye barua. Alilifanya mwenyewe.

Mama Tiruye aliichukua, akaitazama kichwa chini miguu juu, akaiweka kifuani.

"Upone kabisa," alimwambia. "Na usimame wima, mwanangu. Usigeuke geuke."

Akaondoka kurudi kwa mashine ya kusaga, hakutazama nyuma. Siku hizi tukitaka kahawa ya maana tunatembea robo saa kwenda na robo saa kurudi, na kule ananipangisha foleni nyuma ya wenye magunia kama mtu yeyote. Mara nyingine foleni ni ndefu hadi muda wangu wa mapumziko unaisha kabla sijafikiwa. Ananiona. Anaendelea kuwamiminia wengine.